Ahadi ya Kumujibu Mukabalisa

Majengo, Goma, tarehe 22 Januari

Kwa mudogo wangu mupenzi Henriette, kule Vitshumbi,

Bonane, heri ya mwaka mupya, hata kama inakufikia imechelewa. Umeamukaje? Magoti yako yanasema nini na baridi ya ziwa? Na bwana yako Adalbert, bado anakohoa na bado anavuta tumbako? Umuambie mimi sina machozi ya kumulilia. Huku tuko wazima. Nakula, nalala, nagombana, basi ujue afya iko.

Nakuandikia juu ya mambo ya ahadi. Unajua shirika letu la sala hapa mutaani: kila bonane, kila mutu anaandika kwenye karatasi jambo atakalofanya mwaka ule. Karatasi inakunjwa, inawekwa ndani ya kikapu, na mwezi wa kumi na mbili kila mutu anachukua yake kujiuliza kama alifanya. Jina haliandikwi. Unachora alama tu kwa nje, ili aliyeshindwa asipate haya. Mwaka jana mujukuu wangu Charline aliniandikia kwamba nitapenda watu wote. Nilitoka pale najisikia mutakatifu. Tarehe mbili, kabla ya saa nne, nilikuwa nimekwisha kumutukana muuza makaa, na mama yake, na chukudu yake ya mbao ya magurudumu mawili iliyobeba magunia.

Basi Desemba tukarudishiwa karatasi. Mimi ambaye sikukalia benchi ya shule, alama yangu ilikuwa musalaba. Sasa fikiri mwenyewe: kikapu cha Wakatoliki, nani hakuchora musalaba? Nikachukua wa kwanza niliouona. Nyumbani Charline akafungua, akanitazama. Nikamuambia asome, sikumusomesha ili anitolee macho. Ikawa imeandikwa kwamba kila asubuhi, mwaka muzima, mwenye karatasi atamusalimia mama Kahindo, ndiyo mimi, hata asipojibiwa.

Henriette, ni mutu mumoja tu aliyekuwa ananisalimia hivyo. Ilikuwa karatasi ya Mukabalisa.

Unamukumbuka, jirani yangu, yule mwalimu wa zamani kutoka Rutshuru, aliyekuwa anauza samaki zako za moshi sokoni. Miaka mitatu hatukusemezana. Bati lililokuwa linaleta maji ya mvua kwenye pipa langu liligeuka, maji yakaanza kuingia kwenye pipa lake. Na huku kwetu juu ya mawe ya volkano, ambako kisima hakichimbiki, maji ya mvua si muchezo. Nikasema ameligeuza yeye. Nikalisema mutaa muzima, nikalituma mpaka kwako. Na wewe, kwa kunipenda, ukaacha kumutumia samaki.

Mwaka jana wote alikuwa anasimama kwenye ukuta wa mawe kila asubuhi, ananiuliza kama nimelala vizuri. Nilifikiri ananicheka. Nilimupa mugongo. Siku moja nilimujibu kwa kumwaga maji ya beseni karibu na miguu yake.

Siku ya bonane nikamupelekea karatasi yake. Kumbe yeye alikuwa na yangu. Akaniuliza kupenda watu wote kumefika wapi. Nikamusimulia habari ya chukudu. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Halafu akasema ahadi kama yangu haina pa kuishikia. Na yeye alitaka kupatana na mimi, lakini kupatana kunahitaji watu wawili, na yeye alikuwa na mudomo wake tu. Ndiyo maana aliahidi kile ambacho mudomo wake peke yake unaweza.

Basi mwaka huu nimechukua ahadi ndogo: kila asubuhi nitamujibu. Leo ni siku ya ishirini na mbili. Nimekosa moja, jino lilikuwa linaniuma, shavu limevimba kama andazi. Nilimuinulia mukono. Charline anasema hiyo inahesabika. Mukabalisa anasema haihesabiki.

Sasa nifike kwenye lile linalonichoma. Bati halikugeuzwa na Mukabalisa. Ni upepo. Nilipokwisha kupiga makelele yangu yote, juma lililofuata nilikuwa mulangoni, mvua inakuja, na nikaona kwa macho yangu upepo ukilisukuma tena. Kurudisha maneno kulinishinda. Nikakuacha uamini uongo, na yeye akapoteza kazi ya samaki kwa sababu yangu. Unisamehe, mudogo wangu.

Na ujue anayeandika barua hii si Charline. Ni Mukabalisa. Nilimuomba mwenyewe, ili maneno haya yapitie mukono wake. Hapo kwenye upepo kalamu ilisimama. Nikangoja anitukane. Akasema alijua. Siku ile aliniona nikiangalia bati, halafu nikafunga mulango polepole kama mwizi. Alijua yote, na bado alikuja kwenye ukuta kila asubuhi. Mimi Kahindo nimemuambia hilo pia aliandike.

Kwa hiyo nakuomba umutumie samaki tena, hata kitunga kimoja, kwa gari la Rutshuru. Kama una hasira, ni yangu, si yake. Uje unigombeze hapa hapa, nitakupikia sombe, utanigombeza ukiwa umeshiba.

Uwasalimie watoto wote na wajukuu, na Adalbert pamoja na kikohozi chake. Mungu awalinde kwenye maji na kwenye njia. Mwenye kalamu naye anakusalimia, na anasema nisisahau kukuambia kwamba samaki za mwisho ulizotuma zilikuwa na chumvi nyingi.

Ni mimi dada yako mukubwa anayekupenda,
Kahindo