Mashine Yangu ya Gofu Inanipunja Yadi

Kwako Mama Hafsa,

Nakusalimu kutoka Kapseret, na kabla sijaanza naomba usinicheke mpaka ufike mwisho, maana nasoma safu yako na nakumbuka ulivyomfanya yule bwana wa kuku. Shida yangu si ya mapenzi wala ya shamba, ni ya mashine, na nimeshindwa kuamua, na mke wangu Lorraine amesema hataki kusikia neno mashine mezani tena, kwa hivyo nimebaki na wewe.

Mimi ni mhandisi wa maji, nimestaafu, nina miaka sitini na mmoja. Wakati wa korona viwanja vya gofu vilipofungwa niliigeuza gereji yangu kuwa uwanja, yaani nilitoa gari nje, ambako linanyeshewa mpaka leo, nikatundika neti na kitambaa cheupe, nikafunga projekta kwenye dari, na chini karibu na mpira nikaweka kile kifaa tunachokiita monita, ambacho ukipiga mpira kinausoma ulivyotoka, kasi yake na upande unaoelekea, halafu kinakuonyesha kwenye kitambaa ungetua wapi na ungefika yadi ngapi kama neti isingeuzuia. Hiyo monita sikuinunua mpya, niliuziwa na Salim mwenye duka la vitu vya umeme mjini, naye aliitoa kwa hoteli moja ya Mombasa iliyokuwa ikiuza vitu vyake, na nilipoiwasha mara ya kwanza iliniuliza maswali mengi sana, nami nikabonyeza sawa, sawa, sawa, mpaka ikachoka ikaniacha nipige.

Basi kila Jumamosi alasiri rafiki yangu Ephantus Kabiru, mzee wa biashara ya mbao, huja tukapiga mipira gerejini mpaka chai inapoa. Na mashine inatupunja, Mama Hafsa. Fimbo namba saba, ambayo zamani uwanjani hapa Eldoret niliipigia yadi mia na hamsini bila kutoa jasho, monita inanipa mia na thelathini na tano. Kabiru, ambaye enzi zake watu walikuwa wanasimamisha mazungumzo kumwangalia akipiga, anapewa mia na ishirini na kitu. Mwanzoni tulicheka, lakini baadaye nilianza kumwona akipiga, akisoma namba, kisha akitazama viganja vyake. Siku moja akaniambia, "Injinia, hii kitu yako haidanganyi. Ni mimi nimeisha. Tangu ile mambo sijawahi kurudi na nguvu yangu." Nikamwambia hapana, ni monita ndiyo imezeeka, nitaagiza nyingine, ile ya rada inayowekwa nyuma ya mchezaji, na utaona.

Sasa hiyo ya rada bei yake ni ng'ombe wawili wa maziwa, na Lorraine anasema ng'ombe angalau utamkamua. Yeye anauliza kwa nini nisiende uwanjani wenyewe, ulishafunguliwa zamani na hauko mbali, nipige mpira mmoja nione unaangukia wapi. Kabiru pia wimbo wake ni huo huo tangu arudi Eldoret. "Si twende tu, Injinia, mashimo tisa, tutembee." Lakini mimi nina goti, na kuna mvua, na siku nyingine unakuta nina wageni.

Hapa nieleze kidogo tu kwamba mimi na yeye tulikuwa tukicheza pamoja uwanjani kila Jumamosi kabla ya ule uchaguzi wa 2007, na fujo zilipoanza duka lake la mbao lilichomwa, fimbo zake za gofu zikiwa ndani, na yeye na watu wake wakakimbilia kituo cha polisi, na siku ile alinipigia simu mara tatu kwa sababu mimi ni mtu wa ziwani na watu wa kwetu hawakuwa wakiguswa hapa mjini siku hizo, waliokuwa wakiwindwa ni watu wa kwao, tena nilikuwa na pikapu ya kazi ambayo vijana kwenye vizuizi walikuwa wakiiachilia kwa kuwa nao walitaka maji, na simu ilikuwa mezani mbele yangu, jina lake likiwaka, Lorraine akiniangalia, na sikuishika. Walitoka siku ya tano kwa lori la mahindi mpaka Nakuru. Aliporudi baada ya miaka minne nilimwambia simu yangu haikuwa na chaji, akasema, "Najua, siku zile nani alikuwa na stima," na hatujaligusa tena, lakini hayo ni ya zamani na siyo niliyokuandikia.

Niliyokuandikia ni kwamba Kabiru ameuza nyumba yake na anahamia Thika kwa binti yake mwisho wa mwezi huu. Mwaka wa uchaguzi ukifika huwa anaondoka mapema, anarudi mambo yakitulia, lakini safari hii, na uchaguzi ni Agosti, amesema akienda harudi. Jumamosi iliyopita alisema angependa tucheze uwanjani mara moja kabla hajafunga mizigo. Nikamwambia ngoja kwanza monita mpya ifike, unaweza kuuweka uwanja wetu wote ndani yake, tutacheza papa hapa gerejini bila matope. Alimaliza chai yake, akamshukuru Lorraine, akaenda.

Nikiagiza leo itafika kabla hajahama, na akiona namba zake zimepanda huenda akabadilisha nia. Niambie basi, Mama Hafsa, ninunue au nisinunue?

Ni mimi,
Mhandisi, Kapseret

*

Injinia wangu,

Sijakucheka. Nimecheka kidogo, na nilikuwa sijafika mwisho, naomba radhi.

Tuanze na mashine kwa kuwa ndiyo uliyoipa nafasi kubwa. Mimi gofu siijui, fimbo ninayoijua ni ya mbuzi, kwa hivyo nilimsomea Abdinasir barua yako bila kutaja jina la mtu. Abdinasir ana malori, na Jumapili humpati popote isipokuwa kwenye nyasi na fimbo zake. Sikufika hata nusu akaangua kicheko. "Mama, mashine ya huyu mzee inafikiria iko Mombasa! Hao wazee wanapiga poa kabisa. Aweke tu altitude ya huku, aache kujitesa." Nikamwambia anieleze kama anavyomweleza nyanya yake. Akasema huku kwetu juu hewa ni nyepesi, mpira unasafiri mbali kuliko pwani, na ndani ya monita yako kuna mahali pa kuandika uko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Watu wa hoteli waliandika sifuri, kwa kuwa bahari ilikuwa mlangoni kwao. Mashine ilipokuuliza wewe, ukabonyeza sawa.

Injinia! Wewe, mtu wa maji! Maisha yako yote umepima mwinuko wa matangi na mabomba, kutoka baridi ya Timboroa mpaka huko Chepsaita, ukijua maji yatateremkia wapi na yatagomea wapi, halafu gereji yako mwenyewe ukaiacha ufuoni miaka miwili. Lorraine anasonga ugali Kapseret, mumewe anacheza gofu Mombasa, na gari linanyeshewa.

Kwa hivyo usinunue. Fungua mahali pa mipangilio, andika mita elfu mbili na mia moja, funga. Hiyo ni kazi ya dakika mbili, na ukimnunulia Lorraine ng'ombe mmoja kwa kile ulichookoa, mimi sitakukataza.

Lakini Abdinasir alisema neno lingine ambalo halikunichekesha. Alisema mpira mmoja tu, ukipigwa pale uwanjani, ungewaonyesha ukweli siku hiyo hiyo. Mmoja! Rafiki yako ameshinda miaka miwili akisoma kwenye kitambaa chako kwamba nguvu zake ziliishia mwaka wa 2008. Ulimwona akitazama viganja vyake. Ulimsikia akisema ameisha. Na bado uliona ni rahisi kuagiza rada kutoka ng'ambo kuliko kutembea naye saa mbili kwenye nyasi. Hapo nimekukasirikia, na sitakuficha.

Goti lako halina kitu. Kama lingekuwa na kitu, Lorraine angeshaniandikia. Unachoogopa ni ile nafasi kati ya mpira mmoja na mwingine. Gerejini nyote mnatazama kitambaa, mmoja anapiga, mwingine anasoma namba, mnaisuta mashine, chai inaletwa, siku inaisha. Uwanjani kuna kutembea. Watu wawili wakitembea hivyo, mmoja wao atasema jambo, na wewe unajua ni jambo gani na ni zamu ya nani. Umeniandikia yadi mpaka nikachoka kuzihesabu, kisha ile simu ukaipitisha kwa pumzi moja na kuniambia siyo uliyoniandikia. Ndiyo hiyo.

Na hapa kuna kitu ambacho nashangaa hukukiona, kwa akili yako yote ya mabomba. Ulimwambia simu haikuwa na chaji. Injinia, simu iliyozimika haiiti. Ukiipigia, yule mwanamke anakwambia mteja hapatikani. Yako iliita. Kabiru alikuwa pale kituoni, watoto wamemzunguka, simu sikioni, akiisikia ikiita mpaka inakatika, akapiga tena, ikaita, akapiga tena. Hakukuamini hata siku moja. Amekuwa akijua tangu siku ile, na alipokwambia nani alikuwa na stima alikuwa anakusitiri tu. Kisha akaanza kuja kwako kila Jumamosi, akakwambia twende tukatembee, akakwambia tena, na tena. Wewe ukadhani anataka gofu.

Sikuhukumu kwa siku yenyewe. Nilikuwa hapa mjini. Sisi tulishusha milango ya duka tukakaa ndani siku sita, na siku ya pili mtu aligonga, akagonga kwa kiganja, si kwa rungu, nikajua ni mtu anayeomba. Mume wangu akaniwekea kidole mdomoni. Hatukufungua. Mpaka leo sijui alikuwa nani wala alifika wapi, na hakuna ninayeweza kumwendea nikamwomba msamaha. Inaniuma, na itaniuma mpaka niingie kaburini. Wa kwako unamjua jina, anakunywa chai kwako, na amekwambia tarehe ya kuondoka. Usicheze na bahati hiyo.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Leo hii rekebisha mashine. Kesho mpigie Kabiru simu, wewe mwenyewe, usimtume Lorraine. Mwambie kwanza kwamba namba zilikuwa za uongo, kwamba mkono wake uko vile vile, na kosa lilikuwa la kwako. Hilo pekee litamfaa kuliko zawadi yoyote ya kumuaga. Kisha mwambie Jumamosi asubuhi mko uwanjani, mashimo tisa, umeshaweka nafasi, na fimbo zako mtatumia pamoja.

Mkifika, usingoje shimo la tisa. Nakujua, utangoja shimo la tisa, halafu mvua ije. Sema mapema, mkiwa njiani kuufuata mpira wa kwanza: "Kabiru, simu yako niliiona ikiita. Niliogopa, sikuishika, halafu nikakudanganya. Nisamehe." Basi. Usiongeze vizuizi, usiongeze vijana, usiseme Lorraine alikuwa na wasiwasi. Barabara zilivyokuwa anajua kuliko wewe, ndiye aliyezipita juu ya mahindi. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikufokea, ana miaka kumi na minne ya kukufokea, beba begi na uendelee kutembea kando yake.

Na usimwombe abaki. Mtu anayefunga mizigo kila uchaguzi ana haki ya kuchoka, na hakuna mashine wala chai itakayomlipa usingizi wake wa Agosti. Aende Thika kwa amani. Wewe kazi yako ni kuhakikisha haendi na lile jambo bado likiwa limekaa kati yenu.

Majina ya rafiki yako na ya watu wa nyumbani kwako nimeyabadilisha, lakini gari linalonyeshewa nje ya gereji Kapseret nzima inalijua, na Kabiru akisoma atajitambua kabla hajamaliza aya ya pili. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwenye simu leo Jumatatu, na gazeti linatoka Jumamosi mchana. Una siku tano na asubuhi moja. Wasomaji wangu watakapofika kwenye mstari huu, nataka uwe umeshamwambia.

Mama Hafsa