Valizi ya Tata Kalombo

Latifa,

Minakwenda Mutshatsha na motokari kuchukua mama yako mugonjwa. Usiogope, sindano ya presio ya mafuta inasimama muzuri sasa, hata motere ikipata moto.

Juma hii yote nilikulaumu, nikasema sindano inaanguka juu mafuta ya motere ulinunua ku soko njo mubaya. Unisamehe. Tata Kalombo, ule fundi muzee, alikuya asubui, kutoka ku gare ya treni kwenye banalala na Bakasai benzake, batu ba Kasai, tangu balibafukuza mu manyumba yabo. Alisikiliza motere, akanikataza kuivunja yote, akafungua tu ile bakuli ya mafuta chini ya motere. Kumbe mi mwenyewe, wakati nilikuwa naitengeneza upya, nilisahau kutia karatasi ya kuzuia hewa ku pompi ya mafuta. Pompi ilikuwa inavuta hewa pa fasi ya mafuta.

Najua unacheka. Cheka tu.

Karatasi ya nguvu ya kukata tulikosa. Alifungua valizi yake ya kartoni, ile anabebea nguo, akakata kipande mu kifuniko. Nilikataa. Akaniambia, "Mama mukwe wako hawezi kungoya. Valizi inaweza."

Treni yabo ya Kasai inaweza kuondoka leo. Peleka bukari ku gare, na samaki, ya batu batano ba kwake. Umupe Tata Kalombo na valizi ~~ya bleu, ile ya kupasuka~~ yangu ya ngozi, ile ya ndoa. Akikataa, umwambie yake imekwenda Mutshatsha kuleta mama yako.

Bwana yako,
Feruzi