Asali Ndani ya Tangi

Alhamisi, 13 Juni 1974

Asali! Ndani ya tangi la pikipiki yangu!

Tangi la zamani lilioza zamani. Hili jipya Mzee Ramadhani, fundi wa mtaa wa Ng'ambo, amelifua kwa madebe ya mafuta, akalilehemu mpaka likaacha kuvuja. Usukani ni bomba la maji. Kiti nimekitoa kwenye lori bovu. Yote nimeyaokoteza, na tangi ndilo lilikuwa limebaki.

Narudi kazini, namkuta Masanja, kaka wa mke wangu, ametoka Puge, anakunywa chai. Debe lake lilitoboka njiani. Kwangu akaona chombo kisafi chenye kifuniko, akamimina humo.

"Shemeji, si lilikuwa tupu?"

Tupu! Nimemwambia aniondokee mbele ya macho. Mke wangu naye eti mgeni hajapumzika hata kidogo. Apumzikie wapi, juu ya injini?

Asali haitoki bila maji ya moto, na maji yakishaingia mle, kutu inaanza upya. Itabidi tangi lirudi kwa Mzee Ramadhani alifungue na kulisugua ndani, na yeye kesho anasafiri. Nina hasira!

Halafu ndipo Masanja akasema asali si yake, ni ya mama yangu. Tangu serikali imhamishie kijiji kipya, ndani kupita Puge, sijamwona. Basi halifiki kule. Pikipiki hii naiunda kwa ajili yake.

Ametuma asali na swali moja: naja lini?

Jibu lilikuwa Jumapili hii.