Nipige, Lakini Usinifukuze

Sarang'ombe, 3 Machi 1996

Dada Aluoch,

Salamu nyingi. Watoto hawajambo? Sisi tuko wazima, shemeji yako Opondo anakusalimia.

Ile sinema niliyoigiza mwaka juzi imefika kwenye vibanda vya video vya huku. Naonekana dakika moja tu, nimeshika miguu ya mume wa sinema, namwambia, "Nipige, lakini usinifukuze." Sasa mtaa mzima unasema hivyo, hata watu wakitoka kanisani. Jana Soko la Toi, mwuza viatu alinipa kandambili bure.

Mdogo wako, Adero

Kawangware, 17 Machi 1996

Mdogo wangu,

Nimefurahi mko salama. Huku ni kikohozi cha Audrey tu.

Maneno yako yamefika hapa pia. Nikiuza mboga za sukuma naita, "Nipige bei, lakini usinifukuze." Wateja wanacheka, wananunua. Nawaambia wewe ni wa tumbo moja na mimi.

Dada yako

Sarang'ombe, 9 Juni 1996

Dada,

Natumaini Audrey amepona. Mimi si mzima.

Unajua Opondo hajawahi kunigusa. Lakini kule kwenye useremala, wenzake humwuliza kila asubuhi, "Leo umempiga?" Ijumaa bosi alimwuliza mbele ya wateja. Akarudi nyumbani. Nikampa chakula, akanipiga kwa hiyo sahani. Nilipopiga nduru, majirani wakaitikia yale maneno kwa pamoja, wakacheka. Mama Nzomo wa mlango wa pili akafungua, nikadhani amekuja kunitoa. Kumbe amewaleta wageni wake waone. Akawaambia, "Ndiye huyu."

Sikio la kushoto halisikii. Naweza kuja kwako kidogo?

Adero

Kawangware, 16 Juni 1996

Adero,

Pole. Sisi hatujambo. Chumba chetu ni kimoja, na baba Audrey hapendi mambo ya ndoa za watu. Vumilia, watapata sinema nyingine. Na usipige nduru, ndiyo inawachekesha.

Dada yako

Kawangware, 4 Agosti 1996

Mdogo wangu,

Hujambo? Nimeandika mara mbili, hujajibu, kwa hivyo Jumapili iliyopita nilikuja. Nilimkuta Opondo anakula. Nguo zako zote ziko. Anasema ulienda nyumbani Ugenya tangu tarehe ishirini Juni.

Mama Nzomo anasema siku hiyo alisikia vyombo vikianguka, na kitu kikigonga ukuta mara nyingi, lakini wewe kimya. Akadhani mmepatana.

Barua hii namtumia yeye akuwekee. Jana nimepata ya Mama kutoka Ugenya. Anauliza mbona siku hizi humwandikii.

Dada yako, Aluoch