Fahali Aliyeliwa Malinya

Lurambi,
Januari 1965

Kwa mjukuu wangu Shitanda, mume wangu mdogo,

Hiyo stesheni yako ya Butere imehamia ng'ambo ya bahari? Tangu tumalize matanga ya baba yako hujaleta hapa hata kivuli chako. Miguu imeoza? Hata hivyo nakusalimu, na ninataka kujua kama unalala vizuri na kama kile kikohozi kimekuacha. Mimi bado ninatafuna mahindi ya kuchoma. Anayeniandikia ni Mideva, binti wa jirani. Nimemwonya asitie sukari katika maneno yangu.

Jescah mkeo ni mzima. Ndugu yako Protus si mzima, na sababu unaijua.

Mlipokaa kando ya maiti ya mwanangu, baba yenu, mlikubaliana kila mmoja atoe fahali wake wa kupigana. Wewe ukasema wa Protus achinjwe siku ya mazishi, wako atafuata siku ya kunyoa nywele, ya kumaliza matanga. Protus akamtoa Radi, aliyemlea kwa mkono tangu akiwa ndama, akageuza uso asione kisu. Siku ya kunyoa ukatuletea machozi: wako amekufa kwa ndigana, umemfukia huko huko malishoni. Wageni wakala obusuma, ugali mtupu, na kunde katika msiba wa mwanangu! Jescah ndiye aliyewapakulia, na macho yao yalimwangukia yeye.

Kumbe fahali wako ulikuwa umemficha kwa wakwe zako, kule Malinya. Siku ya Jamhuri shemeji yako alimwingiza uwanjani kwa jina jipya, baka jeupe la usoni limepakwa masizi. Akashinda. Kisha mvua ikanyesha, masizi yakatiririka, na Protus amesimama mbele kabisa. Watu wa huku walicheka mpaka wakaegemeana.

Mlipokuwa mnalalanga jikoni kwangu niliwasimulia jinsi Sungura alivyomwambia Fisi, wakati wa njaa, kila mmoja amuue mama yake wapate kula. Fisi akamuua wake. Sungura akamficha wake pangoni. Protus alilia. Wewe ulicheka mpaka ukajikojolea, nami nikakupenda kwa kicheko hicho. Bado nakupenda, shetani wewe. Sasa watoto wakimwona ndugu yako wanamwita Fisi, wanamuuliza kama nyama ya mama ilikuwa tamu. Nekoye mkewe alisema amechoka kuwa mke wa Fisi, akarudi kwao. Nilimkuta Protus amekalia kamba ya Radi, hataki uji, hataki kusema. Nikaona huyu atanifia, nami nimeshazika mmoja.

Lakini wewe ulisahau ni nani aliyekufundisha Sungura.

Juma lililopita nilijipaka majivu, nikaenda Malinya nikipiga nduru njia nzima. Niliwaambia wakwe zako kwamba umekufa, behewa limekusaga, na tumeshakufukia kwa kuwa hukuwa na sura ya kutazamwa. Jescah nilikuwa nimemweleza mapema. Alicheka kwanza, kisha, tulipofika, alilia vizuri kuliko sisi sote na kugaagaa chini. Mama mkwe wako akanyoa nywele zake, maskini. Baba mkwe wako akasema mkwe wake haliliwi kwa kunde, akamchinja fahali wako mbele ya macho yangu. Nilikula ini. Alikuwa mnono. Kichwa nilimpelekea Protus nikamweleza yote. Akaomba uji.

Kwa hiyo wewe ni marehemu, mwanangu. Na desturi ya hapa unaijua: aliyeliliwa akiwa hai haingii bomani mpaka ndugu yake amshike mkono amvushe lango. Akijiingiza mwenyewe, analeta kifo kingine, na wa kufuata ni hao watoto wako.

Wasalimie wenzako wa stesheni. Jescah anakusalimu, Protus hajasema kitu. Vaa sweta asubuhi, kifua chako ni kibovu. Ni mimi bibi yako, kukhu Khalayi, ninayekupenda kuliko unavyostahili.

Ukija, njoo mchana, siku ya soko, watu wote waone. Simama nje ya lango. Usiniite mimi, wala usimwite Jescah. Mwite Protus, kisha ungoje, hata akikawia mpaka mvua ikunyeshee.