Benchi la Wawili

Karakana ya Mbao,
Nyuma ya Kanisa,
S.L.P. 118.

Jumapili, 24 Mei

Kaka mpendwa,

Benchi la kupatana lilitolewa kanisani Jumamosi ya wiki iliyopita, tarehe 16, saa nne asubuhi. Lipo hapa karakanani kwangu, limelazwa ubavu. Nimeagizwa nilikate katikati, zipatikane stendi mbili za spika.

Nimekosa adabu, habari imetangulia salamu. Hujambo lakini? Mgongo wa wifi umepoa? Wanangu wanasomaje? Sisi huku wazima. Nina kazi ya milango kumi na minane, na vidole vyote kumi bado ninavyo. Kwa fundi mbao hiyo ndiyo afya.

Sasa nisikilize, maana siandiki kubembeleza.

Usidhani napinga mapya. Watu nawahesabu kila Jumapili, unanijua. Mwaka jana tulikuwa sabini na wanne, nusu yao wakisinzia. Tangu aje huyu mchungaji mpya tumefika mia moja sitini na wanane. Kaleta magitaa, kaleta ibada ya pili kwa wauguzi na walinzi wanaotoka zamu. Jukwaa la kwaya nimelijenga mimi. Ibada iliyochukua saa tatu unusu sasa inachukua saa mbili, na sijaona aliyepungukiwa neema.

Lakini benchi! Baba alilipima sentimita mia moja na kumi kwa makusudi: wakae wawili, wa tatu wa kuchochea akose pa kukaa. Waliokosana huketi pale kabla ya Meza ya Bwana, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Hakuna anayeulizwa nani mkosaji. Mzee wa kanisa huuliza neno moja tu, "Mmemaliza?" Wakijibu "Tumemaliza," wanakwenda mezani pamoja. Wasipojibu, wanarudi vitini.

Nilimfuata mchungaji ofisini. Akaniambia, "Dada fundi, watu wanakuja hapa wamechoka. Tukiwakalisha mbele kama washtakiwa, watahamia kwingine."

"Wahamie na vinyongo vyao?"

"Kila mtu apatane moyoni mwake. Hata wewe sasa uko huru. Njoo mezani."

Nikamwambia stendi nitazitengeneza kwa mbao zangu, bure, benchi libaki pembeni kwa atakayelihitaji. Alianza kulegea, kaka, nilimwona. Ndipo mzee wa kanisa, yule tuliyekuwa tukimwita Kengele kwa sauti yake, akafungua faili. "Unasumbuka bure, binti. Mdhamini wa kanisa ameshaandika. Kaka yako huyu huyu."

Nikaisoma. Mistari minne na sahihi yako. "Benchi lile limepitwa na wakati. Likatwe."

Limepitwa na wakati, au limekusubiri mpaka ukaona haya?

Tuseme waziwazi. Wewe ulipewa shule, mimi nikapewa randa ya baba. Kwa hilo sina neno, randa imenilisha. Mama aliumwa miezi kumi na minne, nikamgeuza kitandani kwa mikono hii. Wewe ulifika kaburi limeshasawazishwa. Nami mbele ya watu nikakwambia wewe si mtoto wake. Ukaondoka bila kunywa hata maji. Kuchelewa ni kwako, ujibu mwenyewe. Neno lile ni langu, na halikuwa la kweli.

Tangu Aprili ile ya msiba, miaka minne sasa, Meza ya Bwana imeandaliwa mara arobaini na tisa. Mara arobaini na tisa nimebaki kitini, watu wakiruka magoti yangu. Kwa utaratibu mpya ningeinuka tu na kwenda. Sitaki kupitishwa mlango wa nyuma. Baba hakuchonga benchi ili mtu apatane na moyo wake. Mimi na moyo wangu hatujawahi kugombana. Niliyegombana naye ni wewe.

Barua hii nampa dereva wa lori la mbao, utaipata Jumanne. Kanisa linataka stendi Jumamosi, tarehe 6 Juni. Kulikata ni kazi ya dakika tatu. Anayeweza kuifuta barua ile ni aliyeiandika.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawaulizia. Kengele naye anakusalimu, ingawa kwa shingo upande. Mungu aliyempokea mama akulinde njiani, kama utaishika njia.

Swali ni moja: unakuja kuketi Jumapili tarehe 7, au nikate? Sitaki maelezo. Nipigie simu kabla ya Ijumaa, tarehe 5 Juni, saa sita mchana, useme nakuja au siji. Msumeno nimeshaunoa. Nafasi yako ni sentimita hamsini na tano. Zilizobaki nitazikalia mimi.

Ni mimi dadako, niliyekuudhi,
na nikupendaye bado.