Mjomba Anataka Kushukuru kwa Kisu Kisicho Chake

Mpendwa Mama Mihayo, shikamoo, na pole kwa kazi ya kusoma shida zetu. Mimi naitwa Nkwabi, naishi Kiseke, na shida yangu labda itakuchekesha kwanza maana si ya mapenzi wala ya shamba, ni ya visu viwili, na watu wawili ambao nawashukuru wote kwa moyo wangu wote, na sijui nitamshukuru vipi mmoja bila kumwaibisha mwingine.

Baba alifariki nikiwa mdogo nikalelewa na Mjomba Shigela, kaka yake mama, na sitaki msomaji yeyote amfikirie vibaya kwa sababu kila nguo niliyovaa na kila darasa nililosoma ni yeye, ila jambo moja hakulivumilia, kwamba nilizaliwa mashoto. Nikishika kijiko kwa kushoto ananigonga vidole kwa mwiko, nikimpa mgeni maji kwa kushoto narudishwa jikoni, alisema mkono huo utanitia aibu mbele za watu, basi nikajizoesha wa kulia mpaka kila mtu akasahau, isipokuwa mimi nikiwa peke yangu.

Kampuni za kutafuta dhahabu zilipoanza kuingia kwa wingi huku kwetu nilipata kazi ya kufyeka njia porini upande wa Geita ili wapimaji wapite, tunalala kwenye mahema, na huko kisu ndiyo kila kitu, unachonga vigingi, unakata kamba, unapasua kuni zilizolowa. Mjomba alifurahi sana, na kwa kuwa siku hizi biashara imefunguliwa naye huenda Dubai kuleta vitenge, safari ile aliniletea kisu. Mama Mihayo, ni kisu kizuri, kina chuma cheupe kisichoshika kutu hata ukisahau kukifuta, bapa jembamba, kwa samaki na nyama hakina mpinzani, lakini makali yake yamenolewa upande mmoja tu, kwa mtu wa kulia, na hata vibonde vya vidole kwenye mpini vimekaa kwa mtu wa kulia. Nikikishika kwa kulia nachonga kigingi kama mtoto, nikikihamishia kushoto kinapanda juu ya mti badala ya kuuma, mpini ukilowa unateleza, na kikiisha makali, jiwe la mtoni linakipaka mng'aro tu, jioni nzima.

Mwenzangu wa kazi, Machibya, aliponiona nahangaika akanipeleka Mirongo kwa Okomo, fundi chuma mtu wa Mara, ambaye anakuwa na mabapa ya umbo moja ameshayafua, yananing'inia kwenye waya, wewe unachagua chuma na mti wa mpini, halafu yeye anamalizia kufuata mkono wako. Akanieleza kwamba ya tupa kuukuu yanashika makali muda mrefu lakini ukiyabana vibaya yanakatika, na ya springi ya lori hayakatiki, ila usipoyapaka mafuta yanashika kutu. Nikachagua springi, na mpini wa mninga. Akanipa kijiti na kisu cha kujaribia, akasema, "Chonga."

Nikachonga kwa kulia. Akatazama, akasema, "Sasa chonga kama uko peke yako."

Nikamwambia, "Fundi, mimi nimezoea kulia."

"Sijakuuliza ulichozoea."

Mama Mihayo, nilitazama mlangoni kwanza kama mwizi, halafu nikahamisha kisu. Okomo hakucheka, aliushika mkono wangu wa kushoto akaugeuza, akaupima kwa uzi, na kisu alichonitengenezea kimenolewa pande zote mbili sawasawa kuanzia katikati ya bapa, mpini umenona mahali kiganja changu kilipo na shimo, kinauma mti bila kusukumwa, na kikichoka makali, jiwe lolote linakiamsha kabla chai haijachemka. Kwa nyanya hakifai, kinaziponda, kwa hiyo kile cha mjomba nikakiacha kambini kwa mpishi.

Masika haya tulikuwa tunavuka mto uliojaa, Machibya katangulia kajifunga kamba ya katani kiunoni, maji yakampiga, kamba ikamzunguka shingoni na kifuani, na kadiri sisi tulivyovuta ndivyo ilivyozidi kumkaba na kumshusha chini. Nikateremka kwenye jiwe linaloteleza, mkono wa kulia nimeushikiza kwenye mzizi kwa sababu ungeachia tungekwenda wote, na wa kushoto, wenyewe, bila mimi kuuambia, ukachomoa kisu. Kamba iliyolowa ni ngumu kama waya. Ilikatika kwa mvuto mmoja, wenzetu wakamdaka chini kidogo, akatapika maji, akaniita jina langu.

Sasa mama yake Machibya, Mama Sabina, aliposikia kwamba Nkwabi kamwokoa mwanawe kwa kisu, alikuja kwa mjomba akapiga magoti sebuleni akilia, na mjomba akasimama, akasema, "Kisu! Si ndicho kile nilichokuletea, Nkwabi?" Watu wote wakanigeukia. Nikajibu, "Asante, mjomba." Ndilo neno lililonitoka. Sikusema uongo, lakini najua sikujibu nilichoulizwa. Tangu hapo mjomba amesimulia mtaa mzima, na Sikukuu ya Mavuno atasimama kanisani kutoa shukrani, kile kisu cheupe, ambacho itabidi nikichukue kambini kwa mpishi, kikiwa juu ya kitambaa ili Mama Sabina akiguse. Mke wangu anasema nimwache mzee afurahi. Mimi silali. Nikisema, namwangusha aliyenilea, na mkono alioukataza utajulikana. Nikinyamaza, namwibia Okomo. Nifanye nini?

Nkwabi, Kiseke.

Mama Mihayo anajibu

Marahaba, mwanangu. Nimekujibu kwa posta kwanza, maana mjomba wako naye anajua kusoma gazeti. Machibya yuko hai, mama yake anapika chakula cha watu wote wa nyumba yake, hakuna sahani iliyopungua. Hiyo ndiyo habari kubwa ya barua yako na wewe umeipitisha mbio ili ufike kwenye hofu zako.

Sasa nikugombeze. Nimeisoma barua yako yote nikitafuta mahali ulipokwenda Mirongo kumwambia Okomo kwamba kazi ya mikono yake imemrudisha mtu kutoka majini. Sijapaona. Unasema unaogopa kumwibia, kumbe umeshaanza! Nenda kesho. Usiende mikono mitupu, na uende na Machibya mwenyewe, fundi amwone anavyopumua.

Kuhusu mjomba, usingoje sikukuu ifike. Nenda kwake asubuhi, kabla hajapata wageni, ubebe visu vyote viwili na vipande vya mti. Anza na asante, na iwe asante ya kweli, kwa sababu mtu aliyezunguka maduka ya ugenini akikufikiria wewe amekupenda. Usimwambie kisu chake hakifai. Kinafaa, wewe mwenyewe umenieleza kazi zake. Mwambie kilitengenezwa kwa mkono mwingine. Halafu usihubiri. Kaa chini, shika cha Okomo kwa kushoto, chonga mbele ya macho yake, kisha mpe vyote viwili ajaribu mwenyewe.

Atakasirika? Akasirike. Aliyekulea ana haki ya kukukasirikia. Ila ana haki pia ya kutosimamishwa mbele ya kanisa akisema jambo ambalo wewe, na mkeo, na Machibya, na fundi, wote mnajua si kweli. Unadhani unamlinda. Unamwacha peke yake, baba. Na huyo mkeo mwambie nimemsikia, ana huruma, lakini hapa amekosea.

Na Mama Sabina akitaka kushika kisu, mpe kile kilichokata kamba. Hana haja na kitambaa.

Nkwabi ameandika tena, na ameturuhusu kuchapa

Mama Mihayo, shikamoo tena. Nilikwenda Mirongo na Machibya. Okomo alisikiliza, akaweka nyundo chini, akachukua kisu akapitisha dole gumba kwenye makali, akauliza, "Hayakujikunja?" Nikamwambia hayakujikunja. Akageukia ukutani akawa anapanga vyuma vilivyokuwa vimeshapangika, na Machibya ndiye aliyemfuata akamkumbatia kwa nyuma.

Kwa mjomba nilifanya kama ulivyosema. Alinitazama nikichonga mpaka kigingi kikawa na ncha, akauliza, "Tangu lini?" Nikasema, "Tangu siku zote, mjomba." Akajaribu kisu kimoja, akajaribu kingine, akaviweka mezani, akaingia chumbani akafunga mlango. Nilirudi nyumbani nikijua nimempoteza, na siku zote zile hakunitumia salamu.

Sikukuu ilipofika alisimama mbele ya kanisa bila kitambaa. Akasema, "Ndugu zangu, niliwatangazia kisu changu. Kisu changu ni kizuri sana kwa samaki." Watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Kisha akamwita Okomo, kumbe mjomba alikuwa amemfuata Mirongo mwenyewe na kumwomba aje, akamketisha kiti cha mbele pembeni ya Mama Sabina, na mama yule akamshika fundi mikono yote miwili.

Halafu mjomba akaniita mimi. Nilipofika nikampa mkono wa kulia kama nilivyofundishwa. Hakuupokea. Aliushika wa kushoto, akaunyanyua juu watu wote wauone, na hakuuachia mpaka kwaya ilipomaliza kuimba.